Neno Lililomtoka Taimi

Jumapili, tarehe 21 Machi 1965. Asubuhi ile theluji ilikuwa inaanguka polepole, chembe nyepesi zisizo na haraka, na mto wa mpakani ulikuwa umejifunika weupe mpaka mtu asingeweza kusema ukingo unaishia wapi na barafu inaanzia wapi. Upepo haukuwepo. Moshi wa nyumba zote za kijiji ulipanda juu umenyooka. Katikati ya weupe ule yalionekana matawi ya misonobari yaliyochomekwa kwenye barafu, tawi baada ya tawi, kuonyesha njia ya kuvukia kwenda ng'ambo, upande wa Uswidi.

Taimi alikuwa anaitazama njia hiyo tangu kulipopambazuka. Kila kitu cheusi kilichosogea juu ya barafu kilimkata pumzi. Mara ni mbwa. Mara ni farasi anayeburuta sleji ya nyasi, gari la theluji lisilo na magurudumu. Bado hakuwa Kauko, mchumba wake, ambaye kijiji kilisema ataondoka leo.

“Utalitoboa dirisha hilo kwa macho,” alisema shangazi Hilma. Alikuwa dada wa baba yake, mwanamke asiyeolewa, na mikono yake ilikuwa imejaa unga mpaka kwenye viwiko. “Njoo ukate jibini. Watu watakuja hapa na njaa ya roho na njaa ya tumbo, na hiyo ya tumbo ndiyo itakayofika kwanza.”

Siku nyingine Taimi angemrudishia mzaha mkali kuliko huo. Kijiji kizima kiliujua ulimi wake. Wanawake walikuwa wakimwita kwenye vikao vya kusuka ili tu wacheke. Leo alichukua kisu, akaanza kukata.

“Shangazi, ni kweli anaondoka leo?”

“Ni kweli. Amepata kazi mgodini, huko Kiruna. Basi linapita ng'ambo baada ya mkutano wetu. Jana nimemwona analifunga sanduku lake kwa mkanda.”

“Lakini atazungukia darajani, sivyo?”

“Jumapili hakuna gari la kumfikisha darajani.” Hilma alipunguza sauti. “Atavuka kwa miguu.”

Kisu kikasimama juu ya jibini. “Kauko? Juu ya barafu?”

Shangazi aliurudia unga wake. Kila mtu kijijini alijua kwamba Kauko hakuwa amekanyaga barafu ya mto tangu baba yake Eetu azame, miaka mingi iliyopita. Watu walifikiri ni hofu tu ya kawaida, wakamwonea huruma, wakaacha. Sababu yenyewe aliijua mtu mmoja peke yake. Kauko alikuwa amemwambia Taimi kiangazi kilichopita, ghalani, huku mvua inapiga juu ya paa na yeye amegeuza uso ukutani asionekane.

Mtu mmoja peke yake, mpaka Ijumaa.

Siku hiyo walikuwa wamekaa kwenye meza hii hii: baba yake Taimi, mzee Iisakki, na shangazi, na Kauko, na Saima, mama yake Kauko. Walikuwa wamekuja kuzungumza juu ya kutangazwa kwa ndoa kanisani. Mzee Iisakki alitia kahawa kwenye kisosi, akabana kipande cha sukari kwenye meno, akanywa bila haraka. Kisha akauliza.

“Nambie, Kauko. Binti yangu utamweka wapi? Kwenye shamba la mama yako lenye ng'ombe wawili na mawe mengi kuliko nyasi?”

Kauko alizungusha kikombe chake. Alikuwa mtu ambaye maneno humtoka taratibu, kama anayapima kwanza. Taimi alimpenda kwa hilo hilo. Lakini Ijumaa kimya kile kilimchoma. Alimwona baba yake anatabasamu pembeni ya mdomo.

“Sema kitu!” Taimi alimwambia.

“Ngoja kidogo, Taimi.”

“Ningoje mpaka lini? Au utasimama tu, kama ulivyosimama na kamba mkononi baba yako akizama?”

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Saima alikuwa ameshika kisosi karibu na midomo. Alikishusha mezani taratibu, na hata tone moja halikumwagika. Kauko akamtazama Taimi. Hakukuwa na hasira kwenye macho yale, na hilo ndilo lililomnyima Taimi usingizi tangu siku hiyo. Alimtazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango alioufunga kwa ufunguo uko wazi.

“Asante kwa kahawa,” Kauko alisema. Akachukua kofia yake, akatoka.

*

Mzee Iisakki aliingia amebeba mbao za mabenchi. Mkutano wa waumini leo ulikuwa unafanyika nyumbani kwake, na chumba kikubwa kilikuwa kimeshaondolewa vitanda.

“Bado unalia?” alimuuliza binti yake. “Sikumfukuza mimi.”

“Najua, baba. Nimemfukuza mimi.”

Mzee aliziweka mbao chini. Hakuwa mtu mbaya. Mke wake alipofariki alimlea Taimi kwa mikono yake miwili, akamfundisha kusali kabla hajamfundisha kukamua. “Sikiliza. Mhubiri akimaliza, watu watasimama kuombana msamaha kama siku zote. Na wewe simama. Mwendee, muombe mbele ya wote. Atakujibu. Umewahi kumwona muumini anayenyima msamaha mbele ya kusanyiko?”

“Sijawahi.”

“Basi. Atakushika shingo, kama waumini wanavyokumbatiana, atakutamkia msamaha, yataisha. Kama atakwenda Kiruna au hatakwenda, hayo mengine.”

Taimi alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Ndiyo. Hawezi kukataa. Lakini moyo haukutulia. Alivua aproni.

“Unakwenda wapi na kahawa haijachemka?” shangazi alipiga kelele.

“Kwa mama Saima. Narudi sasa hivi.”

“Atakumwagia maji ya moto, wewe!”

“Na animwagie,” alisema Taimi, akatoka na sleji ya kusukuma kwa mguu, theluji ikimpiga usoni.

*

Nyumba ya Saima ilikuwa ya mwisho, juu kabisa ya ukingo wa mto. Saima alikuwa dirishani, anamenya viazi. Hakugeuka.

“Salamu za Mungu, mama.”

“Salamu za Mungu. Kung'uta theluji hiyo mlangoni.”

Taimi alikung'uta viatu vyake. “Sikuja kujitetea.”

“Vizuri. Maana sina pa kuuweka utetezi wako.”

“Kauko yuko wapi?”

“Anazunguka msituni. Tangu Ijumaa anakula amesimama. Nikiingia, anatoka. Anaogopa kunitazama.”

“Na wewe, mama? Wewe unamtazama?”

Mikono ya Saima ikasimama. Alikuwa mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa chake cheusi kidevuni, na kijijini alisifiwa kwa jambo moja: hakuna aliyewahi kumsikia akimsema mtu. Kisha akasogea pembeni kidogo.

“Njoo usimame hapa. Unaona nini?”

“Naona mto.”

“Unaliona tawi lile lililopinda, la tatu kutoka ukingoni? Ni pale.”

Taimi alitazama tawi, akatazama dirisha, akatazama kisu mkononi mwa Saima. “Mama. Ulikuwa hapa.”

“Nilikuwa hapa hapa. Ilikuwa Novemba, barafu changa. Eetu alikuwa ameshazama mpaka kifuani. Kauko akaja mbio na kamba. Alikuwa na miaka kumi na sita, kijana wangu, miguu mirefu kama ndama. Barafu ilikuwa inanesa chini yake, naiona. Kisha akasimama.” Saima alikigusa kioo kwa ncha ya kisu. “Unajua mimi nilisema nini? Nilisema, Mungu wangu, asisogee. Asisogee hata hatua moja. Nilimwomba Mungu aniachie mwana, amchukue mume.”

“Mama, hukuomba hivyo.”

“Niliomba hivyo. Na nikajibiwa.”

Kiazi kilianguka kwenye ndoo ya maji. Hakuna aliyekiokota.

“Kwa hiyo ulijua siku zote,” Taimi alinong'ona. “Kauko anadhani umejua Ijumaa. Anadhani unamlaumu! Mama, ndiyo maana anaondoka!”

“Nilifundishwa nyumbani kwetu kwamba Mkristo aulinde mdomo wake. Kama huna neno jema, nyamaza. Nikanyamaza. Niliona aibu kwa sala yangu ile.” Sauti yake ilipasuka. “Kumbe neno jema nilikuwa nalo. Nimelikalia miaka yote hii, na mtoto anakonda mbele yangu.”

“Mwambie basi! Mwambie leo!”

“Nitaanzia wapi? Wewe maneno yanakutoka bila kuitwa. Mimi nikiyaita hayaji.”

Taimi alijifuta machozi kwa kiganja. “Baba anasema niombe msamaha mkutanoni.”

“Na Kauko atakusamehe. Atayasema yale maneno, watu watalia, mtakumbatiana. Kisha atachukua sanduku lake. Ukimbana mbele ya kusanyiko atafanya nini kingine? Ijumaa ulimvua nguo mbele ya watu. Leo unataka kumvisha mbele ya watu. Mwanangu si mwanasesere, Taimi.”

Njiani kurudi Taimi alisali kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia. “Bwana, nizibe mdomo huu. Au nipe neno lako. Langu silitaki tena.” Alilia mpaka kope zikashikana kwa baridi. Hakuna jibu lililokuja ila sauti ya vyuma vya sleji kwenye theluji.

*

Chumba kilijaa. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili, na joto la jiko na makoti ya sufu lilifanya madirisha yatoe jasho. Mhubiri alizungumza siku hiyo juu ya ulimi, na ilionekana kama amemlenga Taimi, ingawa alikuwa ametoka mbali na hakujua chochote.

Kauko aliingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, sanduku katikati ya miguu. Alikuwa amenyoa, na shavu lake lilikuwa na jeraha dogo la wembe. Taimi alilitazama jeraha lile, akatamani kulifuta kwa kidole. Mara moja tu macho yao yalikutana. Kauko akayashusha kwenye mikono yake.

Mahubiri yakaisha. Kama ilivyo desturi, mtu wa kwanza akasimama huku analia, akamwendea jirani ambaye yeye alimkosea kwa maneno, akamshika shingo. “Unaweza kunisamehe, ndugu?” “Amini, dhambi zako zimesamehewa zote, katika jina na damu ya Yesu.” Kisha wa pili, kisha wengine, chumba kizima kikawa sauti za kilio na za faraja.

Mzee Iisakki alimpa binti yake ishara kwa kichwa. Sasa.

Taimi akasimama. Watu walimpisha, maana habari ya Ijumaa ilikuwa imeshatembea nyumba zote. Alifika mbele ya Kauko. Kauko akainuka, kwa kuwa desturi inataka mtu ainuke. Mikono yake ilikuwa tayari imefunguka kidogo, na midomo yake tayari imeshika lile neno la kwanza. Lakini macho yalikuwa yamekufa. Taimi aliona kwamba angejibiwa, na kwamba jibu lile lingekuwa mlango wa mwisho kufungwa.

“Omba, binti,” baba yake alisema nyuma.

“Sitaomba, baba.”

Minong'ono ikapita mabenchi yote. “Jamani, kiburi hicho!” mwanamke mmoja alisema.

“Sitaomba hapa,” Taimi alisema. “Nikimuomba hapa hana njia ya kukataa.”

Kauko alimtazama kwa mshangao, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akamtazama kweli. Kisha akainama, akachukua sanduku, akafungua mlango. Baridi ikaingia kama maji.

Taimi aligeuka upande wa wanawake, akamtafuta Saima. “Mama,” alisema tu. Saima alikuwa amejishika benchi kwa mikono miwili na hakusogea. Taimi akatoka mbio bila koti.

*

Alimkuta ukingoni, pale tawi la kwanza lilipochomekwa. Mguu mmoja ulikuwa kwenye theluji ya nchi kavu. Wa pili ulikuwa umeinuliwa, ukarudi. Ukainuliwa tena, ukarudi.

“Rudi ndani,” Kauko alisema bila kugeuka. “Utakufa kwa baridi.”

Maneno mengi yalimjia Taimi kinywani. Kwamba barafu ni nene. Kwamba jana limepita lori la magogo. Kwamba mwanaume mzima haogopi maji yaliyoganda. Aliyameza moja baada ya jingine, na kila moja lilimuumiza kushuka. Akasimama nyuma yake akitetemeka, akangoja. Hakuwahi kumngojea mtu hivyo maisha yake yote.

Ng'ambo, taa za basi zilionekana kati ya miti.

“Kwa nini hukuomba?” Kauko aliuliza mwishowe.

“Kwa sababu ungenijibu.”

“Ningekujibu, ndiyo.”

“Ungemaanisha?”

Theluji ilianguka juu ya mabega yake. “Hapana,” alisema.

Taimi alifumba macho. Ulikuwa ukweli, naye alikuwa ameutaka.

“Nilikwambia wewe peke yako,” Kauko alisema, na sasa sauti yake ikaanza kukatika. “Katika dunia hii yote, Taimi, wewe peke yako. Ulinishika kichwa, ukaniambia niko salama. Sasa mama anajua. Nikiinua macho mezani namwona anawaza, angesogea kidogo tu. Kidogo tu. Nitaishije nyumba moja naye?”

“Kauko, mama yako…” Taimi alianza, akanyamaza. Neno lile halikuwa lake. Lilikuwa limewekwa kwake dirishani na Saima mwenyewe, kama Kauko alivyoliweka lile la ghalani. Angelisema, angemwokoa labda, na angekuwa Taimi yule yule wa Ijumaa. Alijiuma mdomo mpaka akahisi damu. “Muulize mama yako,” alisema. “Nakusihi. Kabla hujavuka, muulize tu.”

“Nimuulize nini?”

“Kauko!”

Wakageuka wote wawili. Saima alikuwa anateremka ukingo, kitambaa kimemtoka kichwani, nywele zake nyeupe zote nje. Nyuma yake walikuja watu wa mkutano, mhubiri, mzee Iisakki, shangazi Hilma na birika la kahawa mkononi aliloshindwa kuliacha. Walisimama juu. Saima peke yake akaendelea mpaka akafika, hana pumzi.

“Niliona,” alisema.

“Mama…”

“Nyamaza, nisije nikashindwa. Siku ile nilikuwa dirishani. Niliona yote. Barafu ilikuwa inavunjika na wewe ulikuwa mtoto. Nilimwomba Mungu usisogee. Ukasimama. Na kila siku tangu siku ile, nikikuona unaingia mlangoni unakung'uta viatu, namshukuru Mungu kwamba ulisimama. Sikukwambia. Hata mara moja. Nisamehe, mwanangu. Unaweza kunisamehe?”

Sanduku likaanguka kwenye theluji. Kauko alimshika mama yake shingo, mtu mrefu ameinama juu ya mwembamba, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya mtu anayepima maneno.

“Amini, mama. Amini, zimesamehewa. Zote, mama. Katika jina na damu ya Yesu, zote.”

Juu ya ukingo hata wanaume walikuwa wanajifuta macho. Ng'ambo basi lilipiga honi, likangoja, likapiga tena, likaondoka.

Taimi alianza kurudi nyuma kimyakimya. Hapakuwa na nafasi yake hapo.

“Taimi.”

Akasimama. Kauko alikuwa amemfunika mama yake kwa koti lake. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa yamekufa tena.

“Wewe siwezi kukwambia maneno hayo leo. Bado lile la Ijumaa linaniuma hapa.”

“Usiyaseme,” Taimi alijibu haraka. “Usiyaseme mpaka yawe kweli.”

“Labda itachukua muda mrefu. Labda kesho nitapanda basi.”

“Najua.”

Mzee Iisakki aliteremka hatua mbili, uso wake umelegea kama wa mtu aliyezeeka asubuhi moja. “Sema kitu, binti yangu,” alisema kwa upole.

Taimi aliyasikia maneno hayo, yale yale aliyomrushia Kauko mezani. Alitazama watu wote juu ya ukingo, waliokuwa wakicheka mizaha yake, kisha akamtazama Kauko peke yake. Meno yalikuwa yanagongana, lakini alisema kwa sauti, ili hata wa mwisho asikie.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Ijumaa nilichukua kitu alichonikabidhi nikifiche, nikakitupa mezani kama maganda. Naahidi halitatoka tena kinywani mwangu neno alilonipa kwa siri, nikiwa na hasira wala nikiwa nacheka. Akinisamehe, nitalilinda. Asiponisamehe, nitalilinda vilevile. Na kama atakwenda zake akaoa mwingine, siku jina lake likitajwa mezani kwangu, nitamsema vizuri, au nitafunga mdomo nimimine kahawa.”